Bolti Mbili za Mwisho

Fundi Bastawisi aliisikia Fiati ya Haji Metwalli kabla hajaiona. Gari lilikuwa bado mwanzo wa uchochoro, kwa muuza maharage, lakini kila tairi lilipotumbukia kwenye shimo la barabara lilitoa mlio, gok, gok, mbele upande wa kulia, na Bastawisi akajua ugonjwa bila kuuliza. Ni mkasi. Ndivyo mafundi wa Tanta, mji wetu, wanavyouita ule mkono wa chuma wa chini, unaolishika tairi la mbele na kulifunga kwenye mwili wa gari. Bushi zimekwisha, mpira umesagika, chuma kinagonga chuma. Alijua hata spana atakayoanza nayo.

Akaiweka gilasi ya chai juu ya betri bovu, akafuta mikono, akasogeza ndoo na matairi yaliyoziba mlango. Akafagia mpaka ukingoni mwa shimo. Gereji yake haikuwa na kitu kingine ila hilo shimo, mfereji mrefu wa saruji katikati ya sakafu, ambamo fundi hushuka ngazi nne akasimama, na gari likakaa juu ya kichwa chake. Akavuta ncha za masharubu yake, yale ambayo uchochoro mzima uliyajua, akasimama mlangoni kama bwana harusi.

Haji Metwalli akapunga mkono kutoka kwenye usukani. Bastawisi naye akapunga. Kisha usukani ukazunguka upande wa pili, na Fiati ya kijani ikaingia kwa Wagih.

Kwa Wagih!

Nisikilize, usije ukasema ni jambo dogo. Haji Metwalli ndiye aliyewafundisha kazi wote wawili, Bastawisi na Wagih, tangu hawajaota ndevu. Sasa ana miaka themanini na ushei, mikono inamtetemeka, hata kikombe cha kahawa anakishika kwa yote miwili. Hawezi tena kulitengeneza gari lake mwenyewe. Na gari la mwalimu ni kama ndevu zake, hampi kila mwenye wembe. Anayepewa ndiye mrithi wa mkono wake, na Tanta nzima, kuanzia wauza vipuri mpaka madereva wa mabasi madogo, itakuwa imejua kabla ya adhuhuri.

Tena Bastawisi alikuwa na neno lake. Miaka ishirini na miwili iliyopita, siku walipoaga kwenda kujitegemea, Haji alisema mbele ya watu: "Bastawisi ana mkono, Wagih ana ulimi." Neno lile Bastawisi alilifanya mkate wake na mto wake wa kulalia. Wagih alipojaza wateja: sawa, ana ulimi. Wagih alipotia vigae sakafuni na kuweka kochi na feni: ulimi huo huo. Wagih aliponunua lifti ya umeme, anabonyeza kitufe gari linapaa, naye anasimama chini yake na suruali safi, Bastawisi alitoka shimoni mwake na oili masikioni akajiambia: mwache, mimi nina mkono. Leo mwenye neno amelichukua neno lake na kulipeleka ng'ambo, hatua kumi tu.

Donge likamkaa. Alijaribu kulimeza na chai, halikushuka.

"Fundi, jicho litakutoka," akasema Zaki, mwenye mgahawa wa kahawa, alipopita kukusanya gilasi.

"Natazama barabara."

"Barabara ina lifti siku hizi?"

"Zaki, chukua gilasi zako uende."

Zaki akaenda zake akicheka. Na Bastawisi akaendelea kutazama barabara, ambayo kwa bahati ilikuwa na Fiati ya kijani imeinuliwa juu, matairi yananing'inia.

Hiyo ndiyo siku aliyopoteza kazi nzima. Aliliingiza juu ya shimo basi dogo la mteja, shokapu zinamsubiri, na kila alipofungua nati moja alipanda ngazi kuchungulia. Aliona Wagih akitoa tairi. Akamwona akifungua nati ya boljointi, kile kifundo kinachoungana na tairi, na kukigonga chuma ubavuni ili kiachie. Kiliachia kwa mapigo matatu ya nyundo. Matatu tu! Bastawisi alikuwa amemwombea kumi. Akaona mkasi mkuukuu ukitoka, umeliwa na kutu, na mwingine ukitolewa kwenye boksi, mweusi, unang'aa, haujaguswa. Kaununua wapi mzuri hivyo? Hata hilo lilimuuma. Mtu ana wivu mpaka wa kipande cha chuma, yarabi!

Haji Metwalli, aliyekuwa ameketi kwenye kochi chini ya feni, aliinuka akavuka uchochoro na bakora yake.

"Bastawisi mwanangu. Kesho alasiri usiende popote. Nina haja nawe."

"Nipo, mwalimu. Nitakwenda wapi?"

"Vizuri." Mzee akamtazama kidogo, akamgonga begani kwa mkono ule unaotetemeka. "Umekonda?"

"Joto, mwalimu."

Joto! Tulikuwa mwezi wa pili, watu wamevaa sweta. Mzee akarudi kwenye kochi la Wagih, na Bastawisi akasimama pale akijiuliza haja gani hiyo. Akajijibu mwenyewe: anataka niwepo akilichukua gari, nishuhudie. Anataka kuniambia kwa adabu kwamba mkono nao umehamia kwa Wagih. Haya, na tuone.

Hapo ndipo alipokiona alichokiona.

Inafaa nikueleze, maana bila hili hutaelewa. Bushi ni mpira uliobanwa ndani ya chuma, mkasi unapumulia hapo. Ukiikaza bolti yake wakati gari limeinuliwa na tairi limelegea chini, mpira unashikwa katika hali hiyo. Ukilishusha gari, mkasi unapanda, mpira unapindika, na ndivyo utakavyoishi, umejinyonga, mpaka upasuke. Mwezi, miezi miwili, gok gok imerudi. Kwa hiyo zile bolti mbili za ndani unazitia kwa mkono tu, unalishusha gari, unalitikisa likae, ndipo unakaza. Haji Metwalli alikuwa akisema, "Gari lisimame kwa miguu yake kwanza, ndipo ulifunge mkanda." Aliyesahau alionja kandambili mgongoni. Na bolti au nati ikishakazwa kabisa, Haji aliitia tone la rangi nyekundu ya kucha, aliyoiiba mezani kwa mkewe, Mungu amrehemu, ili kila atakayetazama ajue kazi imekwisha. Wanafunzi wake wote wanatembea na kichupa hicho mpaka leo, na wake zao wameshachoka kuuliza.

Sasa Bastawisi akamwona Wagih amechukua spana ya mkono mrefu. Gari liko juu. Tairi halipo. Bega la Wagih likashuka nyuma ya chuma, mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa nguvu, na kile kichupa chekundu kikatoka mfukoni.

Bastawisi alihisi furaha mpaka vidoleni. Kakaza hewani! Fundi wa lifti, fundi wa vigae, kakaza bushi za gari la mwalimu hewani! Kweli mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Hatua kumi. Angevuka akamwambia, "Wagih, ndugu yangu, legeza hizo." Angeweza hata kumwambia kwa kejeli, bado ingekuwa faida. Miguu ikakataa. Alisimama mlangoni akitabasamu peke yake, na alipoona Wagih amefunga tairi, amelishusha gari, anaingia ndani na kutundika kwenye kioo shanga ya buluu na kiatu kidogo cha mtoto, tabasamu likakauka.

"Ananitundikia mimi," akasema kwa sauti. "Anakinga gari na jicho langu mimi!"

Alasiri alikwenda kwa Zaki na mdomo umejaa. Watu walikuwa kwenye domino. Bastawisi hakungoja kuulizwa.

"Jamani, mmeliona gari la Haji? Basi msilisifu sana. Kabla ya maulidi ya Sayyid, walii wetu, bushi zile zitakuwa zimepasuka. Wagih kazikaza gari likiwa hewani."

Wacheza domino wakageuka.

"Wagih?" akasema Zaki. "Mwanafunzi wa Metwalli akaze hewani? Acha masihara."

"Nimemwona kwa macho yangu haya mawili."

"Ulikuwa unatazama barabara, au sivyo?"

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomharibu. Bastawisi akasimama, akashika ncha za masharubu yake kwa vidole.

"Wallahi, kama bolti zile mbili hazikukazwa gari likiwa juu, nitanyoa haya. Hapa hapa. Kwenye kiti cha Labib."

Hakuna aliyecheka tena. Mtu mzima akiapa kwa masharubu yake, jambo limekwisha kutoka kwenye mchezo. Labib kinyozi, ambaye duka lake limepakana na mgahawa, alitoa kichwa nje na wembe mkononi.

"Ninoe?" akauliza.

"Noa wembe wa masharubu ya Wagih," akajibu Bastawisi, na akaondoka na shingo juu.

Habari ilivuka uchochoro kabla yake. Alipofika gerejini kwake alimwona Wagih amesimama mlangoni pake, ng'ambo, anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Alingoja Wagih atukane, maana kujibu alikuwa anajua, ulimi si anao? Wagih alimtazama tu. Kisha akaingia ndani akashusha pazia la chuma. Laiti Bastawisi angejiuliza lini alipata kumwona mwenye ulimi akinyamaza. Lakini mwenye wivu haulizi, anajibu tu.

Nyumbani, mkewe Inshirah alikuwa ameandaa kabichi za kuviringisha, zilizojazwa wali, chakula ambacho Bastawisi hula mpaka sufuria ikakwanguliwa. Akala mbili.

"Baba Nesma, una nini?"

Akamweleza. Alimweleza yote, na alipofika kwenye bega la Wagih lililoshuka mara tatu alisimama akaonyesha kwa mwiko.

Inshirah alimsikiliza mpaka mwisho. "Una wivu," akasema.

"Mimi? Wivu ni mambo ya wanawake."

"Basi kumbe nimeolewa na mwanamke mwenye masharubu." Akaondoa sahani. "Na kama kweli amekosea, kwa nini hukuvuka ukamwambia?"

"Anifundishe nani kazi, wewe?"

"Sikufundishi kazi. Nauliza tu. Atakayeketi ndani ya gari lile ni Haji, si Wagih. Mzee wa miaka themanini, mikono inatetemeka, na wewe umemwachia gari unalojua ni bovu, kwa sababu limekwenda mlango wa pili. Na ulikuwa na furaha. Usinidanganye, nimekuona ulivyokuwa unaonyesha na huo mwiko."

Bastawisi akauweka mwiko chini. Alijua mkewe amesema kweli, na kweli ile haikupunguza wivu hata chembe, iliongeza aibu juu yake. Akaamka asubuhi na vyote viwili.

Alasiri ya pili, basi dogo limekwisha kuondoka shimoni, watu walikuwa wengi uchochoroni kuliko kawaida. Zaki alitoa viti nje. Labib hakuwa na mteja, akasimama na shuka yake begani. Kila mtu alijifanya ana sababu nyingine ya kuwepo.

Pazia la Wagih likapanda. Fiati ikatoka, lakini haikutoka kwa moto wa injini. Ilisukumwa. Wagih alikuwa nyuma, mikono juu ya buti la gari, na Haji Metwalli akitembea pembeni, mkono mmoja dirishani, ameushika usukani. Wakaivusha barabara polepole mpaka mlangoni kwa Bastawisi, wakaingia, na Haji akaizungusha kwa ustadi wa zamani mpaka ikakaa sawasawa juu ya shimo, matairi mawili huku na mawili huku.

Bastawisi alikuwa ameganda. "Mwalimu, hili nini?"

"Gari."

"Naona ni gari."

"Ni lako," akasema Haji Metwalli, na akampa ufunguo. Mkono ulitetemeka hata ufunguo ukagonga gonga kwenye pete. "Wanangu wamenikataza kuendesha, jana ilikuwa mara ya mwisho, na wana haki, juzi nililipandisha barazani kwenye duka la mkate. Nikasema nimpe nani? Wagih ana gari. Wewe unatengeneza miguu ya magari ya watu wote wa Tanta, kisha unakwenda kwako kwa tuktuk. Aibu yangu hiyo, si yako."

Ufunguo ulikuwa wa moto kiganjani mwa Bastawisi. "Lakini mwalimu, ungeniletea mimi. Ningelitengeneza mimi."

"Mtu atengeneze zawadi yake mwenyewe? Nani alikufundisha adabu, mimi au nani?" Mzee akaashiria nyuma kwa bakora. "Mkasi kaununua Wagih. Sikumwomba. Kaja kwangu akasema, mwalimu, na mimi niwe na fungu."

Bastawisi alishindwa kumtazama Wagih. Akatazama kioo cha gari. Shanga ya buluu ilikuwa inaning'inia pale na kiatu chake kidogo.

"Hiyo nimeitundika mimi," akasema Wagih. Ndiyo maneno ya kwanza aliyoyasema. "Lisije likapatwa na jicho. Watu wana macho, ndugu yangu."

Yarabi, ardhi ingepasuka ingekuwa heri. Na ardhi ilikuwa imepasuka, shimo lake mwenyewe lilikuwa pale chini ya gari.

"Sasa shuka," akasema Haji. "Litazame chini, ulimalize mwenyewe, kisha ulipeleke kwa mkeo."

Hapo Zaki akapiga makofi. "Leo ndiyo leo! Shuka, fundi, utuambie. Bolti zimekazwa au hazikukazwa? Masharubu yanakaa au yanakwenda?"

Haji, ambaye masikio yake nayo yamezeeka, akageuka. "Wanasema nini hawa?"

"Mchezo wao, mwalimu," akajibu Wagih.

"Mwambie, Wagih!" akapiga kelele mmoja wa wacheza domino. "Jitetee, bwana! Ulikaza hewani au hukukaza?"

"Ataona mwenyewe," akasema Wagih.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bastawisi alishuka ngazi nne na taa ya mkononi na spana ya mkono mrefu, akainuka chini ya gari lake. Mkasi mpya ulikuwa usoni pake, mweusi. Akatazama kwanza nje, kwenye boljointi. Nati imekazwa vizuri, pini imepitishwa na kukunjwa pande zote mbili, na tone la rangi nyekundu juu yake, dogo, safi. Ndiyo hiyo aliyokuwa akiikaza Wagih jana. Bega lilishuka mara tatu kwa ajili ya nati ile, ambayo inakazwa popote, juu au chini, na kila mtu anajua.

Akasogeza taa ndani, kwenye bolti mbili za bushi. Hazikuwa na rangi.

Akaweka spana kando. Akashika ya kwanza kwa vidole viwili na kuizungusha. Ikazunguka. Akashika ya pili. Nayo ikazunguka, laini, na grisi yake mpya. Zilikuwa zimetiwa kwa mkono tu, zinangoja gari lisimame kwa miguu yake. Lifti ya Wagih isingeweza kufanya hivyo, inabeba gari kwa tumbo na kuyaacha matairi yananing'inia. Ili gari lisimame kwa miguu yake na fundi awe chini yake, unahitaji shimo. Hili shimo, lile alilolionea haya tangu siku lifti ilipofika.

Kati ya tairi na ukingo wa saruji aliona viatu. Kandambili za Haji na ncha ya bakora. Viatu vya Zaki. Viatu vyeusi vya Wagih, vimesimama pamoja, havichezi.

Na hapo hapo, nakuapia, wivu ulisema naye kwa mara ya mwisho. Ulimwambia: kaza. Dakika mbili tu. Kaza, tia rangi, panda juu useme, "Nilizikuta zimekazwa, nimelegeza, nimekaza upya." Nani atabisha? Wewe una mkono. Wagih atasema hapana, na watasema si unaona, ulimi huo. Mwalimu hasikii vizuri. Masharubu yako yatabaki, gari litabaki, na neno lako litakuwa kubwa kuliko lilivyokuwa.

Ilikuwa rahisi mno. Alikaza ya kwanza. Bushi ikashika ikiwa imetulia, bila kujinyonga, kama ilivyotakiwa. Akakaza ya pili. Akatoa kichupa, akatia tone, akatia tone. Kisha alisimama tu mle shimoni, kazi imekwisha, akitazama matone mawili mekundu, mpaka Zaki akainama akachungulia.

"Fundi! Umelala? Zilikuwa zimekazwa?"

Bastawisi alipanda ngazi. Oili ilikuwa kwenye paji la uso wake. Akatazama watu wote, mwisho akamtazama Wagih, na ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya siku ile.

"Zilikuwa zimelegea," akasema. "Zote mbili. Nimezizungusha kwa vidole. Nimemsingizia mtu." Akageuka kwa kinyozi. "Labib, lete kiti."

Hawakupiga makofi wala vigelegele. Labib alileta kiti katikati ya uchochoro, akamfunga shuka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakupiga soga. Povu, wembe, huku, kule. Masharubu ya miaka thelathini yakaanguka kwenye shuka, na mdomo wa juu ulioonekana ulikuwa mweupe kama wa mtoto.

"Anafanya nini huyu?" akauliza Haji Metwalli. "Mbona ananyoa?"

Bastawisi akainuka na shuka yake shingoni, akainama sikioni kwa mzee, akamwambia yote. Jana, mlango, bega, kwa Zaki, kiapo. Hakupunguza. Haji alisikiliza akitikisa kichwa. Alipomaliza, mzee alimpa Wagih bakora amshikie, akainua mguu kwa taabu, akavua kandambili, na kwa mkono ule unaotetemeka akamchapa Bastawisi nayo mgongoni, mara moja. Haikuuma. Bastawisi alitokwa na machozi.

"Nilimwambia Wagih aziache bolti za mwisho, azikaze mwenye mkono," akasema mzee akiivaa kandambili yake. "Punguani."

Wakati wanalitoa gari shimoni, Wagih alisimama kando ya Bastawisi na kumtazama ule mdomo.

"Unafanana na shangazi yako," akasema.

"Sema utakalo. Leo ni haki yako."

"Miaka ishirini na miwili," Wagih akasema polepole, "nanunua lifti, natia vigae, naleta kochi, na kila mtu akikaa kwenye kochi langu ananiambia: lakini Bastawisi ana mkono. Wewe unadhani donge ni lako peke yako? Nilipokuwa naziacha zile bolti jana, mkono uliniwasha kuzikaza mwenyewe. Ningezikaza vizuri tu, chini, kwa jeki chini ya mkasi, kwa kulala chali. Nikaziacha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliniambia niziache." Akafuta mikono. "Ingia ndani. Betri limekufa tangu asubuhi, nitakusukuma."

Bastawisi akaingia, akaketi, akatia gia. Shanga ya buluu ikacheza. Akasogeza kioo na kujiona, uso wa mtu asiyemjua, na nyuma ya uso huo, kwenye dirisha la nyuma, Wagih ameinama na mikono juu ya buti, masharubu yake meusi yametimia, mazuri, yamekaa mahali pake. Ikamchoma kidogo. Sasa angefanyaje?

"Haya, sukuma!" akasema dirishani.

"Nasukuma, mwenye mkono!"

Gari likaanza kwenda. Likakohoa, likashika moto mbele ya muuza maharage na kutoa moshi mweusi, na tairi la kulia likatumbukia kwenye shimo la barabara. Bastawisi alitega sikio. Hakusikia kitu. Akatazama kwenye kioo, akamwona Wagih amesimama katikati ya moshi, suruali yake safi imekuwa nyeusi mpaka magotini, naye ametega sikio vile vile.